Sifa za Ukoga wa Bidoni

Wapo wanaosifu simba, wapo wanaosifu marais, na hapa Goma wapo hata wanaoisifu volkano ya Nyiragongo kwa kuwa ilikuwa ikivuta watalii. Ukoga wa kijani unaoota ndani ya bidoni ya njano haujawahi kupata msemaji. Naiomba kazi hiyo, na malipo sidai.

Nianze na ukoo wake, maana hakuna sifa inayokamilika bila kutaja mababu. Zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, wazee wa kijanikibichi hiki ndio walioanza kuijaza dunia oksijeni. Mama wa mtaa wetu wa Murara anayesugua bidoni huku akiulaani ukoga anavuta pumzi iliyolipiwa na ukoo huo huo. Na jamaa zake wa nchi nyingine wanaheshimika. Mwani wa Paje na Jambiani, kule Zanzibar, umelimwa na akina mama tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaanikwa, ukapakiwa magunia, ukavuka bahari. Kanem, nchini Chad, wanawake huchota ukijani wa vidimbwi, huukausha mchangani na kuupikia mchuzi; wanauita dihé. Wa kwetu umeambulia brashi na matusi.

Tena matusi yanatoka kwa watu walioshiba sambaza! Vijidudu vidogo vya Ziwa Kivu hula miani isiyoonekana kwa macho, na sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hula vijidudu hivyo. Ondoa ukijani ziwani uone kama sokoni kutabaki kitu cha kukaanga. Miani inayokufa nayo haistaafu. Inazama kwenye ziwa lenye kina cha mita 485, inaoza huko chini pasipo na oksijeni, na kutokana na uozo huo hupatikana sehemu ya gesi ya methani iliyolala humo. Sehemu nyingine vijiumbe visivyoonekana huitengeneza kwa hewa ukaa inayotoka kwenye miamba ya volkano. Ng'ambo, Karongi, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiigeuza gesi hiyo kuwa umeme tangu 2016, megawati 26. Kwa hiyo ukoga mfu unawasha taa Rwanda, na ukoga hai unawasha hasira Murara. Sioni ni kwa kosa gani.

Kuna suala la asidi. Nyiragongo hupumua salfa, na mvua inayopita kwenye moshi wake hutua juu ya mabati yetu ikiwa chachu kama ndimu. Ndiyo sababu mabati ya mji huu huota kutu kabla mwenye nyumba hajamaliza deni la fundi. Maji ya ziwa ni kinyume kabisa: juu juu pH yake hukaribia 9. Basi mtu wa Murara huchagua, akinge maji makali ya mbinguni au atume chukudu, kile kigari cha mbao, ilete maji mazito ya ziwani. Katikati ya ugomvi huo ukoga hufanya kazi yake kimya: mchana hunywa hewa ukaa iliyomo majini na pH inapanda, usiku huirudisha na pH inashuka. Siwezi kudai kwamba unaponya mvua ya Nyiragongo. Asidi ya salfa si saizi yake, na fluoridi inayokuja na mvua hiyo hauigusi kabisa.

Lakini kazi hiyo ya kupandisha pH ina wanaoilipia. Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga matumbawe ya bahari sebuleni, ndani ya masanduku ya kioo. Majira ya baridi hufunga madirisha, pumzi za familia nzima zinajaa chumbani, na pH ya sanduku inaporomoka. Hapo hununua mashine, humimina maji ya chokaa tone kwa tone, na mwisho huutafutia mwani chumba chake cha pembeni chenye taa inayowaka usiku kucha, ili unywe hewa ukaa wakati sanduku kubwa liko gizani. Wakati huo huo, wanausugua ukoga uliothubutu kuota juu ya kioo cha mbele. Kwetu umeme wenyewe ni wa bahati, na bado ukoga unakuja bila kudai taa.

Maadui zake wana hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Wanasema unakula klorini. Ni kweli. Pale ufukweni, nyakati za kipindupindu, vijana husimama na sindano wakitia dawa katika kila bidoni, na dawa hiyo kwenye maji yenye pH ya 9 tayari imeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ukoga humalizia iliyobaki. Lakini nitajieni mlaji mwingine mjini humu anayekula hadharani, akabadilika rangi ili kila mtu ajue amekula! Kipindupindu hukaa ndani ya maji maangavu kama kioo, nawe unamkaribisha mgeni. Ukoga unakwambia wazi: maji haya yamekaa siku nyingi, jua limeyaona, dawa imekwisha. Mkaguzi wa namna hii angetoka ofisini tungemchangia soda.

Na haukimbii. Mei 2021, siku chache baada ya lava kusimama pembezoni mwa mji, serikali ilipoamuru mitaa 10 ihame, Murara ikiwemo, sisi tulibeba godoro na sufuria tukaelekea Sake, wengine Gisenyi. Ukoga ulibaki kulinda bidoni. Januari 2025, mapigano yalipokata umeme na robine zikakauka, watu waliteremka ziwani na chochote chenye kifuniko, na ukoga ukapanda nao kurudi nyumbani, bila kuuliza nani anatawala.

Anayetaka kuufukuza hata hivyo, njia inajulikana. Afiche bidoni gizani, maana bila mwanga ukoga haupati chakula. Kisha atie konzi ya changarawe nyeusi za lava, sabuni ya unga na maji kidogo, afunge, atikise kwa mikono miwili mpaka mabega yalie. Maji yatatoka kijani, halafu kijivu, halafu meupe. Atafurahi. Ila mkono wa bidoni, pale pa kushikia, ndani ni mtupu, na changarawe hazifiki huko. Humo ndimo ukoga ulimo na makao yake makuu, na kesho kutwa asubuhi, bidoni ikiinamishwa kwenye sufuria ya chai, utatuma mjumbe wake wa kwanza.