Kiwanja Namba 47

Septemba, mabibo yalipoanza kuanguka chini ya mikorosho, wanyama wa kijiji cha Mtua waliitwa kwenye mkutano mkuu. Ajenda ilikuwa moja: bonde.

Nyani alikuja na mchoro. Viwanja 120, barabara nne, eneo la soko na eneo la shule, vyote vimepangwa vizuri katika lile bonde jeusi lililo chini ya mikorosho. Wakati huo wa mwaka bonde lilikuwa kavu, limepasuka kama kisigino cha mkulima, matete yamenyauka, na katikati palibaki mchirizi ambao hata panya aliuruka bila kuloa. Kiti cha mwenyekiti alikikalia Ngedere. Msemo wa kesi ya nyani na hakimu ngedere kila mnyama anaujua, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kuutamka.

Kazi ya kupima alikuwa ameshaifanya Nungunungu. Aling'oa miiba yake mwenyewe, ile yenye mabaka meusi na meupe, akaichomeka kwenye kona za viwanja iwe bikoni. Nungunungu ni fundi mwaminifu, mistari yake haipindi. Alipimia pale alipoonyeshwa.

Daftari la mahudhurio likapitishwa. Kila aliyefika aliweka alama ya kwato, ukucha au unyayo, akapewa bibo moja jekundu. Walifurahi. Kiangazi hakina vitamu vingi.

Mstari wa mbele alisimama Mama Kanga na vifaranga wake 12. Huyu nataka msomaji amtazame vizuri. Alikuwa anaishi juu kabisa kwenye mteremko, na kila siku alishuka mara mbili kufuata maji. Mwaka uliotangulia mwewe alimpokonya watoto watatu katika njia hiyo. Basi fedha yote ya ufuta, badala ya kununua bati, alimpelekea Nyani kama malipo ya awali ya kiwanja namba 47, kilichokuwa jirani na mchirizi. Hakuwa na tamaa, wala hakuwa mjinga. Alitaka watoto wake wanywe maji na warudi nyumbani. Kila mradi wa viwanja bondeni huuzwa kwa watu kama Mama Kanga, na ndiyo maana suala hili linaniuma: viwanja vinahitajika kweli. Anayesema familia zisijenge kabisa hajawahi kulala sita chumba kimoja.

"Kuna mwenye swali?" Ngedere akauliza. Kabla masikio hayajasimama akaendelea, "Hakuna. Basi mkutano umeridhia."

"Lipo moja," ikasema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa Kobe. Aliondoka kwake tangu jana yake asubuhi ili awahi.

"Shikamoo, Babu," wakamwamkia vijana.

"Marahaba, wajukuu. Mwenyekiti, naomba nisaidiwe. Nasikia kuna sheria ya mita 60."

Macho yakamgeukia Bundi, ambaye hulala kwenye dari ya ofisi ya kata na usiku husoma kila karatasi inayoachwa mezani. Bundi akasema ndiyo, ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru kingo za mito, maziwa na mabwawa ndani ya mita 60. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaja ardhi oevu miongoni mwa ardhi hatarishi.

"Ahsante, mwanangu. Sasa, mita 60 kutoka wapi?"

Nungunungu akajibu bila kusita. "Kutoka kwenye ule mchirizi wa katikati, Babu. Nilipima mwenyewe. Kiwanja cha kwanza kinaanza mita ya 61."

"Ulipima mwezi gani?"

"Agosti."

Kobe akanyamaza kidogo. Wanyama wengine walidhani amesinzia, lakini alikuwa anarudi nyuma miaka mingi.

"Nilikuwa mdogo, gamba langu bado laini," akasema. "Kiangazi cha mwaka 1946 walikuja Tanganyika wataalamu watatu, kiongozi wao akiitwa John Wakefield. Walitafuta ardhi ya kulima karanga kwa ajili ya Uingereza, na sehemu kubwa ya nchi hii waliitazama wakiwa ndani ya ndege. Mwaka uliofuata kazi ikaanza: Kongwa, kisha Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Zikaja tingatinga, nyingine zilikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Nilisikia mibuyu ikianguka kutwa nzima. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa mpaka Nachingwea kubeba mavuno. Mvua ikanyesha kwa ratiba yake yenyewe. Mwaka 1951 serikali yao ikafunga hesabu, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Mjini mnayo kata inayoitwa Stesheni. Nani kati yenu amewahi kusikia honi ya treni pale?"

Hakuna aliyejibu.

"Wajukuu zangu, neno tingatinga wazee walilitumia pia kwa ardhi inayotitia ukiikanyaga. Ardhi kama hii mliyokalia. Naomba Nungunungu achimbe kidogo kiwanja chochote."

"Achimbe namba 47," akasema Mama Kanga.

Nyani akainuka. Alisema muda unakwenda, alisema wawekezaji wanasubiri, alisema maendeleo hayawezi kungoja kila mzee amalize hadithi yake. Lakini Nungunungu alikuwa ameshaanza. Fundi hapendi kazi yake itiliwe shaka. Shubiri ya kwanza ilikuwa vumbi na madongo. Ya pili, udongo ukashikana. Ya tatu, makucha yake yakatoka na tope jeusi linalong'aa. Alipozidi kuchimba, chini kukasogea kitu. Kikatokea kichwa kipana chenye sharubu.

Alikuwa Kambare.

"Machi imefika?" akauliza kwa sauti nzito ya usingizi.

"Bado, ndugu yangu, ni Septemba," akasema Kobe. "Lakini hapa ulipolala ndipo kiwanja cha Mama Kanga."

Kambare akatazama vifaranga mmoja mmoja. "Hapa chumbani kwangu?"

"Bonde ni kavu," Ngedere akasema. "Maji yaliondoka tangu Juni."

"Maji hayakuondoka, Mwenyekiti. Yameshuka. Nimeyalalia. Chura naye yuko pale kwenye barabara namba mbili, na jamaa zake wako chini ya soko. Novemba mvua zikianza hujikusanya taratibu, Februari hupungua wakadanganyika wanaopenda kudanganyika, halafu Machi yanasimama mpaka kwenye ule mkuyu."

Wote wakaugeukia mkuyu. Ulikuwa mbali sana na mchirizi, na juu ya shina lake, kimo cha mbawala aliyesimama, palikuwa na mstari wa tope lililokaukia kwenye gome, pamoja na vijiti na nyasi zilizonaswa matawini. Kila mnyama alikuwa akiupita mstari ule kila siku. Nungunungu aliutazama kwa muda mrefu, kisha akainamisha kichwa.

Hapo Bundi akafungua daftari la mahudhurio, akaanza kusoma majina polepole. Alipofika katikati akasita. "Kambare," akasoma. "Amehudhuria. Ameweka alama ya unyayo."

"Tangu lini nina unyayo?" Kambare akauliza.

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha. Wanyama walianza kutazama mabibo mikononi mwao. Bundi akaendelea kusoma, na sasa ilikuwa zamu ya muhtasari wa mkutano, uliokuwa umefungwa nyuma ya daftari. Ulisema mkutano mkuu umejadili kwa kina na kuridhia viwanja 120. Ulikuwa na tarehe ya siku tatu nyuma. Bundi akasema kwa upole, kama mtu anayefundisha mtoto kusoma, kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu kutolewa kwanza. Sahihi ya kuhudhuria si kura.

Wangeweza kuishia hapo. Ila Korongo aliomba neno, na aliyoyasema ndiyo hasa niliyotaka kuyaandika hapa.

"Mimi hupita Dar es Salaam," akasema. "Natua Bonde la Msimbazi. Desemba 2011 mvua ilinyesha siku chache tu, bonde likadai nafasi yake. Watu wapatao 40 walikufa jijini. Walionusurika walipelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao, na wengine baada ya muda wakarudi bondeni kwa sababu tumbo halihamishwi kwa gari. Mwisho wa mwaka 2015 nikaona nyumba zikichorwa alama ya X nyekundu, kisha mashine zikaja. Nilimwona mama mmoja akitoa mlango kwenye bawaba zake ili angalau abaki na mlango. Msidhani waliojenga pale walikuwa wavunja sheria wote. Wengi walikuwa na leseni za makazi, mita za umeme na risiti za kodi. Kuna mtu aliwauzia na kuna mtu aliwagongea muhuri, na siku ya X watu hao hawakuwepo. Na msiseme Dar es Salaam ni mbali. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kuja huku kusini ilikatika Somanga, mkoani kwetu hapa hapa."

Ngiri alikuwa amenyamaza muda wote. Yeye ndiye mchimba visima wa Mtua. "Mimi sijui mambo ya sheria," akasema. "Najua hivi tu: Oktoba, mito ikiwa mchanga mtupu, visima vyote tunavyonywea viko ndani ya bonde hili. Viwanja 120 ni vyoo vya shimo 120. Mtachimba choo na kisima kwenye tope moja?"

Hilo liliwaingia kuliko yote, hata wale waliokuwa bado wakihesabu faida. Kila familia pale ilikuwa na kumbukumbu yake ya kipindupindu, na kila mmoja alijua mpunga wake unatoka wapi, na udongo wa chungu chake, na matete ya uzio wake.

Mama Kanga akasogea mbele. Hakupaza sauti.

"Mzee Nyani, naomba kuuliza. Katika mchoro huu, kiwanja chako ni namba ngapi?"

Nyani akatazama mchoro kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza. Nyani hulala juu ya miti, na miti yake iko mlimani. Hakuwa na kiwanja. Hakuna aliyepanga viwanja vile aliyekuwa na kiwanja.

Wakapiga kura kwa kuinua mkono, bawa au mkia. Mkutano uliamua mambo mawili: fedha za malipo ya awali zirudishwe kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, na ukaguzi wa bonde urudiwe Machi, mbele ya wote, Kambare akiwa mkaguzi mkuu. Ngedere alijaribu kusema akidi haikutimia. Bundi akamwonyesha daftari lake mwenyewe.

Machi wakaja. Hawakuweza kukaa pale walipokaa Septemba. Walisimama juu kwenye mikorosho, miguu imelowa, wakatazama maji yaliyotulia kuanzia mkuyu hadi ng'ambo, na mayungiyungi yamefunguka mahali palipochorwa soko. Mwiba mmoja tu wa Nungunungu ulionekana, ncha yake ikicheza na mawimbi madogo. Kambare alipita chini yake mara mbili, akazama.

Nungunungu akapima upya. Safari hii aliweka mguu wa kwanza kwenye ukingo wa maji, akahesabu mita 60 kwenda juu, na hapo ndipo akachomeka bikoni. Badala ya viwanja 120 vilipatikana 31, kwenye ardhi nyekundu isiyotitia, karibu na njia. Vichache, ndiyo. Wengine walikuwa na mpango wa kupata zaidi upande wa pili wa mlima, na nadhani watavipata wakipima vizuri. Kisima kimoja kirefu kilichimbwa juu, kwa mchango wa kila aliyepewa kiwanja, ili njia ya maji ifupike.

Ninyi wajumbe wa vijiji, mnaoletewa mchoro mezani kiangazi hiki na kuombwa muweke sahihi: ombeni ukaguzi wa Machi. Mkiambiwa muda hautoshi, ulizeni anayesema hivyo kiwanja chake ni namba ngapi.

Mama Kanga amejenga mlimani, kiwanja namba 9. Kutoka kwake hadi bondeni bado ni mwendo, lakini kisima kiko karibu. Vifaranga wote 12 wapo.