Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa TEHAMA

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PONGEZI KWA KUPANDISHA TOLEO LA SEVA YA MAJINA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Barua hii haikulengi wewe peke yako. Inamfaa mkurugenzi yeyote wa taasisi ya umma ambaye amewahi kubandika tangazo kwamba huduma hazipatikani "kutokana na hitilafu ya mtandao". Lazima tukiri kwamba tangazo hilo limeandikwa na fundi wa maneno. Halina mtenda, halina tarehe, wala halisemi kilichotendwa. Msomaji anabaki na picha ya mtandao uliojilalia wenyewe, kama vile mvua inavyonyesha bila kuomba kibali. Hoja yangu ni ndogo tu: mara nyingi kilichoangusha huduma ni uamuzi uliotiwa saini ofisini kwako, na ushahidi wake umelala ndani ya seva yenyewe.

Tuchukue mfano mmoja unaoweza kukaguliwa. Tangu Paul Mockapetris abuni mfumo wa majina ya intaneti mwaka 1983, kazi ya seva hizi ni ya masjala: mtu anataja jina, anapewa namba ya mahali faili lilipo. Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo ni BIND. Toleo lake la 9.20, lililotoka Julai 2024, liliondoa kabisa agizo la "auto-dnssec", ambalo wengi walikuwa wakilitumia kuweka saini za usalama kwenye rekodi zao. Halikuondolewa kwa kuviziwa. Toleo la 9.18 lilikwisha kuonya kwamba agizo hilo linaelekea kufutwa, na maelezo ya toleo jipya yakataja la kutumia badala yake. Sasa fundi wako akipandisha toleo huku faili la usanidi likiwa lile lile la zamani, seva inakataa kuwaka. Lakini kabla ya kuzima inaandika kwenye logi jina la faili, namba ya mstari, na kwamba agizo hilo halipo tena. Ni nadra ajali kuacha maelezo mafasaha namna hiyo. Amri ya "named-checkconf" ingesema jambo hilo hilo kufumba na kufumbua, kama ingeendeshwa kwa programu mpya kabla ya seva kuwashwa upya. Bila shaka, kuiendesha kungeondoa msisimko wa Ijumaa jioni.

Hapa ndipo sifa zako zinapoanza kunoga. Seva kuu ikifa, umma hauoni kitu. Seva za akiba zinaendelea kujibu kwa nakala ya mwisho ziliyopewa, na mwongozo wa mwaka 1996 ambao mafundi wengi bado wanaufuata unapendekeza nakala hiyo iishi wiki mbili hadi nne. Kwa hiyo Jumatatu ripoti inaandikwa: kazi imekamilika kwa mafanikio, wateja hawakuathirika. Saini za usalama nazo zina ukomo wake, kwa kawaida kati ya siku 14 na 30, na seva iliyokufa haiwezi kuzihuisha. Siku zinapokwisha, mwananchi ambaye seva yake ya majibu inahakiki saini, kwa mfano ile ya Google ya 8.8.8.8, anafungiwa mlango. Jirani yake, ambaye kampuni yake ya intaneti haihakiki, anaingia kama kawaida. Dawati la msaada linamwambia wa kwanza azime modemu na kuiwasha tena. Fundi angeuliza jina lile lile kwa "dig" mara mbili, mara ya kawaida na mara ya pili akiongeza "+cd" ili uhakiki uachwe. Ya kwanza ikirudi na hitilafu ya SERVFAIL na ya pili na jibu, kosa liko kwenye saini. Badala yake kikao kinaitishwa, na wote wanaapa kwamba wiki hiyo hakuna aliyegusa kitu. Wanasema kweli. Waligusa mwezi uliopita.

Najua utajibu kwamba, kama ni hivyo, heri tubaki na toleo la zamani. Hapana. Februari 2024 ulitangazwa udhaifu ulioitwa KeyTrap, ambao kwa pakiti moja tu ulitosha kuikwamisha kwa muda mrefu seva inayohakiki saini. Asiyesasisha alibaki wazi. Kinacholalamikiwa ni kusasisha bila kusoma.

Utasema pia kwamba hata wakubwa huanguka. Ni kweli tupu. Tarehe 12 Oktoba 2009 majina yote ya Sweden yanayoishia na .se yalivurugika kwa sababu skripti yenye kasoro ilisahau kuweka nukta ya mwisho katika rekodi. Tarehe 22 Julai 2021 badiliko la usanidi katika kampuni ya Akamai liliamsha kasoro katika mfumo wake wa majina na kuzima tovuti nyingi kwa muda wa hadi saa moja. Lakini tunayajua haya kwa sababu waliohusika walieleza hadharani. Nukta ile ilitajwa kwa jina lake. Ukitaka kujilinganisha na wakubwa, anza na taarifa zao.

Limebaki lile la kwamba wananchi hawaelewi mambo ya kiufundi. Pengine. Ila wananchi hao hao wanatakiwa na fomu zako kuelewa namba ya kumbukumbu ya malipo, namba ya mlipakodi na nywila yenye herufi kubwa, tarakimu na alama maalumu. Sentensi isemayo "tulipandisha toleo tarehe fulani, mstari mmoja ulikuwa wa zamani, tumeurekebisha" haitawashinda.

Ombi langu ni kwamba tangazo lijalo libebe tarehe ya badiliko la mwisho na ule mstari wa logi, hata kama ni kwa maandishi madogo chini ya nembo.

Naomba kuwasilisha.

Mtumiaji wa huduma

Nakala: Seva ya akiba, kwa taarifa na shukrani