Mwongozo kwa Mlinzi Mpya wa Mila, Kampala

Hongera kwa kuamua kuutetea utamaduni wetu dhidi ya wageni. Kazi haina mshahara, lakini ina heshima, na vifaa vyake vyote vinapatikana mjini kwa siku moja.

Anza na mavazi. Mwanamume avae kanzu nyeupe yenye darizi ya rangi ya damu ya mzee kifuani, na juu yake koti la suti. Kanzu ililetwa Buganda na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili; Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, na wenzake wakafuata na mabunda ya nguo. Koti ni la Mwingereza. Vaa vyote viwili kwa pamoja na utakuwa Muganda halisi. Mtu akikuuliza kipi kati ya hivyo ni cha babu yako, mwambie hana adabu.

Mwanamke avae gomesi: mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi mpana unaoning'inia mbele karibu kufika vidoleni, na ndani kikoi kilichozungushwa ili nyonga zijae. Vazi hili linahusishwa na Gayaza, shule ya wasichana iliyofunguliwa na wamisionari mwaka 1905, na fundi cherehani Mgoa aitwaye Gomes. Mmisionari, Mgoa na kikoi cha pwani: hiyo ndiyo mila. Sketi fupi ndiyo uvamizi.

Lipo vazi ambalo kweli hatukuletewa na mtu. Ni lubugo, gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike na kutanuka. UNESCO ilitangaza ufundi wake kuwa urithi wa wanadamu mwaka 2005, heshima ambayo kwa kawaida hupewa kitu kikishaanza kuaga. Usilivae. Baganda hulizikia wafu wao. Agosti 2023 Rais Museveni, akiwa Mbale kuzindua viwanda katika eneo lililoendelezwa na Wachina, alitangaza marufuku ya mitumba, akisema ni nguo za wazungu waliokufa. Soko la mitumba la Owino halikutikisika. Basi kariri mpangilio huu usije ukachanganyikiwa: walio hai huvaa nguo za wafu wa Ulaya, na wafu wetu ndio wanaovaa za kwetu.

Sasa tafuta adui. Usihangaike, maana utamaduni wa kigeni huonekana sehemu moja tu, nayo ni mapaja ya wasichana. Hauonekani kwenye tai ya mbunge, wala kwenye jezi ya Arsenal ya kijana wa boda, ambaye yuko tayari kugombana na ndugu yake wa damu kwa ajili ya kona iliyopigwa London. Idi Amin alilijua hilo mapema. Alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, huku wapiga zumari wa jeshi lake, wamevaa sketi za Kiskoti, magoti nje, wakitumbuiza wageni. Februari 2014 ilitiwa saini Sheria ya Kupinga Ponografia, na mitaani ikaitwa sheria ya sketi fupi, ingawa haikutaja sketi. Wanaume hawakungoja kuisoma. Waliwakamata wanawake barabarani mchana kweupe na kuwavua nguo, kwa jina la kulinda adabu. Hapo mwandishi wa kejeli hana cha kuongeza. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vikuu vya sheria hiyo Agosti 2021. Mlinzi makini hajasikia habari hiyo.

Ukichoka na wasichana, nenda kwenye maduka ya Kikuubo ukamlaumu Mchina. Lalamiko la wenye maduka ni kwamba alikuja kama mwekezaji wa viwanda, kumbe anauza masufuria rejareja. Wana hoja. Usiharibu tu mambo kwa kumuuliza mlalamikaji bidhaa zake alizinunua wapi, kwa sababu atakujibu: Guangzhou.

Uwanja halisi wa mlinzi wa mila, hata hivyo, ni kwanjula, siku ya kijana kutambulishwa kwa wakwe. Mahema mawili hutazamana. Upande wa kijana huingia wawili wawili, makanzu yamepigwa pasi, na wasemaji wa pande zote mbili huanza kupigana vijembe na kutozana faini: umechelewa, lipa, hukupiga magoti vizuri, lipa. Ssenga, yaani shangazi wa binti, hupita katikati ya wageni akijifanya hamjui bwana harusi, mpaka ambandike ua kifuani. Kisha wanawake hupanga foleni na vikapu vichwani, na shemeji anayeitwa muko hungoja jogoo wake. Ukimnyima jogoo, hakuna binti. Juu ya yote hayo, droni inavuma ikipiga video ya kutumiwa shangazi mwingine aliyeko Boston.

Tazama vikapuni, maana hapo ndipo mila inapokaa. Utaona sabuni, kreti za soda, nyama, na sukari. Hakikisha sukari ni nyingi, ya Kakira au ya Lugazi. Viwanda hivyo vilianzishwa na Madhvani na Mehta, familia za Kihindi ambazo Amin alizitimua pamoja na Wahindi wengine mwaka 1972 kwa notisi ya siku tisini, ili uchumi uwe wetu. Walirudi. Baba mkwe atapokea sukari yao kwa mikono miwili, na hotuba ya kuwaonya vijana dhidi ya mambo ya nje itafuata baada ya chai. Majani ya chai, mche wa Asia uliopandwa huku na wakoloni, usiyataje.

Imebaki lugha. Malalamiko kuhusu wazungu yatolewe kwa Kiingereza, redioni, asubuhi, ili watu wa maana wasikie. Luganda ni ya mahemani. Kiswahili je? Baraza la Mawaziri lilikipitisha Julai 2022 kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe shuleni, lakini wazee wa Kampala walijifunza Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa askari wa Obote na wa Amin. Kwa hiyo hata kama wewe ni mtoto wa Lamu au Tanga, usisimame katikati ya mahema na kusema "Hodi, wazee, nimekuja kumchukua binti yenu." Watainua mikono juu.