Tumbo la Karani

Saa kumi alfajiri hapa Bilele, mjini Bukoba, kabla muadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti, kuna anayekohoa chumbani kwangu. Hko. Hko. Hko. Amekunja mgongo, anarudi kinyumenyume, shingo mbele, tumbo linapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi. Nyumba yangu ina sakafu ya saruji kutoka mlangoni hadi jikoni, ukimwaga ndoo moja ya maji imetakata. Karani haitaki saruji. Anaivuka yote taratibu huku akijikakamua, mpaka afike kwenye mkeka wa mke wangu. Hapo ndipo anapokabidhi.

Karani ni paka. Nilimleta mwaka 2012 kutoka Kamachumu, Muleba, ndani ya tenga nililolipakata kwenye Hiace mpaka Bukoba. Jina alikuja nalo. Alizaliwa kwenye ghala la kahawa, na wakulima walipokuja kupima alikaa kando ya mizani akiutazama mshale, hana haraka, hamwamini mtu. Nilimwajiri kwa kazi ya panya. Aliifanya miaka minane hivi, kisha akastaafu bila barua. Kiinua mgongo ninamlipa mimi, kwa dagaa. Na msidhani ni mwenye shukrani: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipotupiga, Karani alitoka nje kabla yetu sote, na hakurudi kutuita.

Siku ya kwanza nilidhani ametapika panya. Kitu chenyewe kilikuwa kirefu, cha kijivu, kimelowa, unene wake kama kidole gumba. Nikakigeuza kwa kijiti. Manyoya, tena yake mwenyewe! Watu husema bonge la manyoya wakidhani ni la duara. Halina uduara wowote. Limepita kooni, na koo ni bomba.

Chanzo chake ni ulimi. Akikulamba mkono utajua: ni msasa mtupu, umejaa vijiba vigumu vilivyopinda kuelekea kooni. Unyoya ukishanasa hapo hauna njia ila kwenda ndani. Kuutema hawezi hata akitaka. Mengi yanapita salama na kutoka kwa njia ambayo sina haja ya kuieleza. Yanayobaki yanajisokota tumboni. Paka kijana tumbo lake lina nguvu za kusukuma. Paka mzee utumbo wake unaweza kupunguza mwendo, na hapo simcheki, maana na mimi wangu nao siku hizi unatembea kwa fimbo.

Lakini kero yangu kubwa si Karani. Kero yangu ni madaktari. Nyumba zetu zimesogeleana, kwa hiyo paka wangu akitapika saa kumi, ikifika saa moja asubuhi mtaa mzima umeshaandika dawa.

Jirani wa kulia alisema maziwa ya uvuguvugu. Nikampa Karani bakuli, akalilamba likang'aa. Nilichokuwa sijui ni kwamba paka wengi wakishakua hawawezi kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa. Kufika jioni nilikuwa na mgonjwa anayetoa juu na chini. Mke wangu akauondoa mkeka. Karani, ambaye hapendi kubahatisha, akahamia kwenye viatu vyangu vya Jumapili.

Jirani wa kushoto alisema kijiko cha mafuta ya kula, umbane mdomo umimine. Nikambana. Nusu iliingia sikioni mwake, nusu kwenye shati langu, na mgonjwa akashinda juu ya kabati siku nzima akinitazama kama mwizi wa mizani. Baadaye nikaambiwa kwamba mafuta ya kulazimisha namna ile yanaweza kupotea njia yakaingia mapafuni, na kwamba kupona kwake kulitokana na ubovu wa shabaha yangu.

Wa tatu ni mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa. Yeye alisema nusu kidonge cha Panadol. Ilibahatika kwamba vidonge vyote vilivyokuwamo ndani nilikuwa nimeshavimeza mwenyewe, kwa kichwa kilichokuwa kinaniuma kwa kukosa usingizi. Nasema ilibahatika kwa sababu dawa ile kwa paka ni sumu, na kidonge kimoja kinatosha kumzika.

Nikaona bora niende kwa wenye fani. Kwenye duka la dawa za mifugo, muuzaji akachukua kalamu.

"Ng'ombe wangapi?"

"Paka mmoja."

Akachungulia nyuma yangu, labda nimefuatana na mtu mwenye akili zake. Hakumwona. Akanishauri dawa ya minyoo ya mbuzi, "ila ukate kidogo." Nikamuuliza kidogo kiasi gani. Akasema, "Kama paka." Nikarudi nyumbani.

Usiku ule, katika kusoma, nikakuta jambo. Zamani mabonge yanayoganda matumboni mwa wanyama, hasa mbuzi, yalikuwa mali. Waajemi waliyaita padzahr, yaani kinga ya sumu, na wafalme wa Ulaya waliyanunua kwa bei ya vito. Mfalme Charles IX wa Ufaransa alikuwa nalo moja, akalisifu mbele ya daktari wake, Ambroise Paré. Daktari akasema hakuna dawa inayozuia sumu zote. Basi akatafutwa mpishi aliyehukumiwa kifo kwa kuiba vyombo vya fedha, akanyweshwa sumu, kisha akapewa unga wa lile bonge. Akafa kwa mateso baada ya saa chache. Nikamwamsha mke wangu, nikamwambia kumbe pale mkekani tunaachiwa dawa ya wafalme. Akaniuliza, na mpishi wa nyumba hii ni nani? Nikazima taa.

Mwishowe nilimpata daktari wa mifugo, mtu mtaratibu, ambaye alifanya jambo ambalo mtaa mzima haukulifanya: aliuliza maswali kabla ya kutoa majibu. Anakunywa maji? Anapata choo? Amekonda? Anakula nini? Nikasema dagaa. Wakavu? Wakavu. Wameoshwa mchanga? Nikatazama dari. Kingine? Nikakiri na senene. Msimu wao ukifika sisi tunawanyonyoa mabawa na miguu kabla ya kuwakaanga. Karani anawameza na miguu yao, misumeno na yote.

Akanipa masharti. Dagaa waoshwe, waloweshwe, wapewe kidogo kidogo. Maji safi yasikose. Mchuzi wenye vitunguu asionje, maana vitunguu navyo ni sumu kwake. Na kila siku achanwe manyoya, kwa sababu unyoya ulioshika kwenye kitana hauwezi kufika tumboni. Tena akanionya nisiyasingizie manyoya kila kitu: paka mzee anayetapika mara kwa mara huenda ni figo, au tezi ya shingoni, na hayo hayaonekani kwa kugeuza kwa kijiti.

Nikanunua kitana cha shilingi elfu moja. Sasa kila saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza, Karani anapanda miguuni kwangu na kunyoosha shingo, nami mwanamume mzima namchana kama bibi harusi. Naondoka na manyoya ya kujaa kiganja. Majirani wanachungulia dirishani na kucheka. Wacheke, mkeka umerudi mahali pake.

Kwa hiyo, msomaji mwenye paka mzee, ushauri wangu ni kitana, maji na dagaa walioloweshwa, na Panadol zako meza mwenyewe. Akijikakamua bila kutoa kitu, akikataa chakula siku nzima au akikosa choo, usiitishe kikao cha majirani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na ukisikia hko, hko saa kumi alfajiri, usipoteze muda kutafuta swichi ya taa. Vuta mkeka.