Treni Iliyokataa Kurudi Mombasa

Jana baada ya sala ya isha, mbele ya mama mkwe wangu, shemeji zangu wawili na mjomba wa mke wangu, mzee ambaye ujana wake wote aliumaliza katika injini za mvuke za Reli ya Afrika Mashariki, treni yangu ndogo ilitoka Mombasa, yaani pembe ya dirishani, kwa taadhima kubwa, ikapita Changamwe, ikakwea Mazeras, ikaingia katika kitanzi nilichokijenga nyuma ya kabati ili igeukie humo na kurejea nyumbani; na ilipobakia shibiri moja tu itoke, ikasita, ikatetemeka, kisha ikaanza kwenda kinyumenyume hadi mlango iliouingilia. Hapo ikasita tena, ikaja mbele. Ikaendelea hivyo, mbele na nyuma, mpaka kahawa ikapoa vikombeni na mama mkwe akauliza kwa adabu kama halua imebaki.

Mzee alitazama kwa makini ya mtu wa kazi. "Mwanangu," akaniambia kwa upole uliochoma kuliko matusi, "dereva wako amesahau makubadhi yake huko?"

Msomaji ambaye hajapata kuugua maradhi haya ya treni ndogo atadhani mashine ilikuwa mbovu. La hasha. Katika treni hizi reli mbili si njia tu, bali ni nyaya pia: moja huchukua umeme chanya na nyingine hasi, magurudumu huupokea huku na huku na kuufikisha kwenye mota, na kuigeuza treni irudi ilikotoka si kazi kubwa, ni kuubadilisha ule umeme tu, uliokuwa kulia uwe kushoto. Sasa ichukue njia hiyo, izungushe, uirudishe ijiunge na nafsi yake. Ifuate reli ya kulia kwa kidole, polepole, kama nilivyoifuata mimi usiku wa manane kwa tochi: inakwenda, inazunguka kitanzi chote, inarejea, na pale inapoungana na njia iliyotokea inajikuta imeshikana na reli ya kushoto! Chanya amemkumbatia hasi, ni shoti. Hakuna ustadi wa mkono uwezao kuliepusha jambo hili, kwa kuwa si taksiri ya fundi, ni hukumu ya jometri, na nakiri kwamba saa nane za usiku, pamoja na fadhaa yangu yote, nililiona ni jambo zuri ajabu. Märklin wa Ujerumani waliikwepa hukumu hiyo tangu zamani kwa kupitisha umeme wa upande mmoja katikati ya njia, na reli zote mbili za pembeni wakazipa upande wa pili. Kwao kitanzi ni kitanzi tu. Sisi wa reli mbili hatuna budi kuikata njia ya kitanzi pande zote mbili, kuacha mwanya mwembamba, na kukipa kitanzi umeme wake mbali.

Kifaa nilichokinunua kwa kazi hiyo, kwa bei nisiyothubutu kuitaja nyumbani, kiliandikwa juu ya boksi lake kwamba hugeuza umeme wa kitanzi chenyewe bila kuguswa. Na kweli hugeuza. Lakini kimekusudiwa treni za dijitali, ambazo kila injini ina kibongo chake cha kupokea amri, hata ukiugeuza umeme ulio chini yake haijali. Ilhali injini yangu ni ya kizamani, na kwake umeme ndio amri. Kila gurudumu lilipogusa mwanya, kifaa kiliona shoti, kikageuza umeme, na injini kwa utiifu wake ikarudi nyuma. Habari hiyo ya udijitali ilikuwepo, chini ya boksi, kwa herufi ndogo kuliko viatu vya abiria wangu, nao wamepunguzwa mara 87.

Hapa ndipo kicheko kinaponitoka. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu na Kampala ina upana wa mita moja, na ukiipunguza mara 87 unapata kama milimita 12, upana ambao viwanda vya Ulaya huutengeneza kwa ajili ya treni za milimani za Uswisi. Nami nilikwisha kujaza makabati kwa reli za milimita 16.5, zilizo za kawaida madukani. Mwaka 2022, zilipotolewa Uingereza treni mpya za kipimo cha 1:120 zitumiazo milimita 12 hizo hizo, niliagiza reli zake kwa furaha. Upana ulikuwa sawa, mataruma yamebanana mno. Na injini za mvuke za daraja la 59 za reli yetu, zile Garratt 34 zilizoundwa Manchester na Beyer, Peacock, kila moja ikizidi tani 250 na kupewa jina la mlima wa kwetu, mwaka hadi mwaka nazitafuta katika orodha za viwanda vikubwa nisizione. Injini ya Uswisi ya kila rangi imo. Sisi ambao wazee wetu waliziendesha tunapaswa kuipaka rangi ya damu ya mzee injini ya watu wengine, tuibandike jina, tunyamaze.

Mzee alipokuwa akivaa viatu aliniuliza kitanzi ni cha nini hasa. Nikamweleza. Akasema Garratt huenda mbele na nyuma sawasawa, ndivyo ilivyoundwa, haina haja ya kugeuzwa.

Mengine ni madogo. Chumvi ya pwani yataka reli zisuguliwe kila asubuhi. Paka amezaa katika handaki. Stesheni yangu ya Voi imeliwa na mchwa.

Basi, msomaji mwenye pointi za reli za milimita 12, hata zilizotumika, naomba anitafute kabla ya kuzitupa. Za milimita 16.5 ninazo tele na naziuza, na kile kifaa cha kitanzi nitampa bure atakayekuja kukichukua mwenyewe.