Sifa za download(7).pdf

Wengine wasifu ng'ombe na mvua. Mimi nakusifu wewe, download(7).pdf, uliyezaliwa bila jina wala hukulalamika.

Aliyetengeneza tovuti angeweza kukupa jina bila jasho. Kwenye Laravel ni kuongeza neno moja tu ndani ya amri ya kupakua. Django nayo imerahisisha kazi hiyo katika FileResponse tangu toleo la 2.1, mwaka 2018. Seva hulituma jina hilo pamoja na faili, katika mstari uitwao Content-Disposition, wenye kanuni yake rasmi, RFC 6266 ya mwaka 2011. Fundi akaona hayo yote ni majivuno. Simu ikachungulia mwisho wa anwani, ikakuta download, ikakuita hivyo hivyo. Na kwa kuwa ndugu zako walishatangulia, ukapewa namba kama mfungwa.

Hadhi yako huonekana stationari, pale Oldonyo Sambu kando ya barabara ya Namanga, msimu wa kuripoti kidato cha tano. Mama anaingia na simu ya binti yake, anataka fomu ya kujiunga na shule itolewe.

"Ni ipi, yeyo?"

"Si hiyo hapo, imeandikwa download."

Kijana anaanza kufungua moja moja. Tangazo la ajira. Tangazo lilelile. Ratiba ya mitihani iliyokwisha kufanywa. Mahubiri. Tangazo la ajira tena, na hili analichapa kwa bahati mbaya, kurasa sita, zinalipwa. Akifika kwenye fomu yenye jembe, fyekeo, ndoo na shuka, ameshaijua familia nzima kuliko mjumbe wa nyumba kumi.

Usawa uliotangazwa na Azimio la Arusha mwaka 1967 umetimia ndani ya folda yako: waraka wa waziri na orodha ya ndoo vina cheo kimoja. Mwizi wa simu naye umemkomoa, maana hajui aibe kipi. Na kampuni za simu zikujengee sanamu, kwa bando lote linaloliwa na watu wanaokupakua upya baada ya kushindwa kukutafuta.

Fomu imeshachapwa. Yeyo ameomba baba mtu, aliyeko Longido, atumiwe nakala kwa WhatsApp. Ameipata, ameshukuru, na anauliza zile nyingine sita zinakuja lini.