Namna ya Kumlaza Babu Asiyeumwa

Ndugu mchukua damu, karibu wodini. Umefundishwa kwamba majibu ya kutisha hutoka kwa wagonjwa wa kutisha. Si lazima. Huyu babu aliyeletwa kupimwa kwa sababu tu binti yake kashikilia, unaweza kumpa potasiamu ya mtu anayekata roho kabla hajateremsha mkono wa shati.

Anza na mpira wa kufunga mkono. Ukaze barabara, kisha ndipo ukatafute pamba. Simu ikiita, pokea. Dakika moja ni kikomo cha waoga; wewe nenda tatu. Mwambie babu afumbate na kufumbua ngumi kama anayekamua tui, maana misuli inayofanya kazi hutoa potasiamu, na kwa mkono uliofungwa hivyo itabaki pale pale ikikusubiri.

Mshipa ukikwepa, twaa sindano nyembamba kuliko zote na uvute bomba kwa hasira. Seli nyekundu zitapasuka, na ndani yake potasiamu ni zaidi ya mara 20 ya ile iliyo nje. Halafu tikisa chupa kama dawa ya kikohozi. Wakongwe huipindua polepole mara nane hivi. Waache, wana muda wao.

Sasa ufundi wenyewe. Chupa ya kizibo cha zambarau imejaa, ya manjano haijafika nusu. Mimina kidogo, nani anakuona? Ile ya zambarau ina EDTA, chumvi ya potasiamu inayokamata kalsiamu ili damu isigande. Babu atapanda potasiamu na kushuka kalsiamu kwa mpigo mmoja. Figo zikitaka kumfikisha hapo zina kazi ndefu. Wewe umetumia sekunde tano. Hila hii, nakiri, naistahi.

Sukari haihitaji akili. Ukitaka ishuke, acha chupa nyekundu dirishani hadi alasiri, seli zitajilia zenyewe. Ukitaka ipande, chukua damu kwenye mkono wenye dripu ya glukosi.

Majina utaandika baadaye, chupa zote zikishakusanyika mezani.

Maabara watapiga simu kuuliza mtu mwenye potasiamu ya 8 anaendeleaje. Waambie mashine yao mbovu. Wakiomba damu nyingine, usigombane nao. Babu yuko pale kwenye benchi, anamalizia andazi na kuuliza kama sasa anaruhusiwa kwenda. Mkunjie mkono wa shati. Mpira uko wapi?